Nimeleta wanangu Pangani kwa bibi yao, dada yangu ameninunia

SWALI

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Pangani mkoani Tanga, naishi Leicester, Uingereza, na mume wangu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa kwa wakati. Likizo yangu ya mwaka naibana yote, hata Idi huwa niko kazini, ili shule zikifungwa Julai nije nyumbani na wanangu. Muda mwingine hatuna. Kule ukimtoa mtoto shuleni muhula haujaisha bila ruhusa, unatozwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto, na baba naye anatozwa ya kwake. Basi tunasafiri wakati ambao kila mtu anasafiri, tiketi ziko juu, na deni lake tunalilipa mpaka mwaka mpya unaingia.

Nakuandikia nikiwa hapahapa Pangani, na nikwambie kweli, sijafurahi hivi tangu niolewe. Asubuhi nikishaswali narudi kulala, kitu ambacho Leicester sikijui. Nikiamka saa tatu chai iko mezani, na vitumbua au mhogo wa nazi. Wanangu wanashinda pwani. Maji yakipwa wanaokota kombe na kukimbizana na kaa. Yakijaa wanakaa karibu na kivuko wanaitazama pantoni inavyokatisha mto kwenda Bweni na kurudi, wala hawachoki. Binti yangu wa miaka 14, ambaye kule hatoki chumbani, bibi yake kamfundisha kukuna nazi, na akikaa juu ya mbuzi huwezi kujua kazaliwa wapi. Mdogo wa miaka 6 alikuja hajui hata kuomba maji kwa Kiswahili. Juzi nimemsikia dukani anabishania bei ya ubuyu. Jioni tunatandika mkeka barazani, upepo wa kusi unapiga mpaka tunajitanda khanga mbilimbili, mama anasimulia ya zamani, sisi tunakula bajia. Mama ana kisukari na miguu inamsumbua, lakini tangu tufike anacheka hadi majirani wanachungulia kuuliza kuna nini.

Tatizo ni dada yangu mkubwa.

Dada aliachika, akarudi kuishi na mama. Ana watoto wawili, mmoja yuko darasa la nne na mwingine la saba. Yeye ndiye anayemwangalia mama: kliniki, dawa, kumkanda miguu usiku. Ana biashara yake ndogo ya vitumbua, huwa anapika alfajiri na kuuzia mlangoni, ingawa kwa sasa ameisimamisha maana jiko ni moja na sisi tuko wengi. Watoto wake wametupisha chumba, wanalala sebuleni, na wala hawana neno, wanapenda kukaa na wenzao mpaka usiku wanaangalia simu.

Mimi sijaja mikono mitupu. Kila mtu nimemletea zawadi, dada nimemletea mkoba, viatu na abaya. Siku niliyofika nilimkabidhi kaka yetu shilingi 600,000 za matumizi ya mwezi huu tutakaokaa, na mwaka mzima natuma za dawa za mama. Kwa hiyo sijioni kama nimekuja kumnyonya mtu.

Wiki iliyopita nilikodi boti twende Maziwe, kile kisiwa cha mchanga. Mume wangu alikuwa keshafika na watoto walikuwa wanaisubiri safari ile kwa hamu. Dada akaniuliza, "Nafasi ipo?" Nikamwambia nafasi ipo, lakini mama tutamwachia nani? Akanyamaza. Tukaenda. Tumerudi kwenye saa tisa alasiri, jua limetuunguza, chumvi mwili mzima, njaa inauma. Tumekuta jiko limepoa, hakuna kilichopikwa, mama kaletewa chakula na jirani. Ndoo ya nguo za watoto iko palepale tulipoiacha. Dada hayupo, kavuka Bweni kwa rafiki yake, karudi magharibi. Nikamuuliza kulikoni, mbona hata simu? Akanijibu mbele ya mume wangu na wanangu: "Na mimi leo nilikuwa likizo."

Tangu siku hiyo namwamkia, anaitikia "marahaba" na kuondoka. Anapika, anafua, ila na mimi hasemi. Masufuria yanagongana huko jikoni mpaka watoto wananiuliza kama mama mkubwa amekasirika. Mama anasema nimwache, dada ana kijiba cha roho tangu utotoni, mimi nipumzike nimetoka mbali. Kaka anasema dada anataka pesa tu, nimpe za kumnyamazisha. Mume wangu anasema mwakani tufikie hotelini Ushongo, kwa mama tuje kusalimia, tusimsumbue mtu.

Neno lile limenikata maini. Mwaka mzima nasafisha wazee wa watu. Nina haki ya kupumzika wiki nne kwa mama yangu au sina? Nimpe pesa? Tuhamie hotelini? Zimebaki wiki mbili kasoro turudi.

Mama wa Watatu, Pangani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na haki, maana umeiuliza kwa uchungu. Unayo. Mwanamke anayenyanyua watu wazima kitandani mwaka mzima anastahili kulala tena baada ya swala ya alfajiri, na atakayekusema kwa hilo hana la kufanya. Wanao kumjua bibi yao angali hai, wakaketi naye barazani wakamsikia anacheka, ni jambo la kulipia tiketi hata ya bei ya Agosti. Usirudi Leicester ukijilaumu kwa kufurahi.

Ila nimeirudia barua yako, na kila ulipoitaja raha yako nimemwona mtu nyuma yake. Unaamka saa tatu, chai iko mezani. Nani kaiweka? Kitumbua hakijipiki. Mchele umelowekwa jana, umesagwa, umetiwa tui na hamira ukaachwa uumuke, halafu mtu ameinama juu ya kikaango moto ukimpiga usoni wakati wewe umerudi kujifunika. Mtu huyohuyo kabla ya hapo kaamsha watoto wawili, kawapa maji ya kuoga, kawapigia pasi sare, kawatoa mlangoni. Maana kwa wanao hii ni likizo ya kiangazi, lakini hapo Pangani Agosti si likizo ya mtu yeyote. Shule za Tanzania zilifungwa Juni na zikafunguliwa Julai. Watoto wa dada yako wako darasani. Kusi linavuma, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki wakipungua anayejua machungu yake ni yule anayesimama mnadani asubuhi na kikapu. Nyumba ya watu wanne imekuwa ya watu tisa katikati ya majira ya kazi. Hukupanga wewe, imepanga kalenda ya Uingereza, lakini mzigo umemwangukia mtu mmoja.

Kuna maneno mawili matatu umeyapitia mbio kwenye barua yako, mimi nataka tuyasimamie.

La kwanza ni vitumbua. Umesema kwa sasa ameisimamisha biashara, kisha ukaenda kwenye habari ya zawadi. Mwanangu, mteja wa kitumbua cha asubuhi hasubiri mgeni wako aondoke. Anapita saa kumi na mbili anawahi shule au anawahi pantoni, akikuta mlango umefungwa siku mbili, siku ya tatu keshapata mlango mwingine. Mtakapopanda basi kurudi Dar, dada yako ataanza upya kutafuta watu. Umemletea mkoba mzuri, na palepale mmemsimamishia kile anachotia ndani yake. Na kwa mwanamke aliyeachika akarudi kwao, senti ya kwake mwenyewe ni kitu cha kumfanya akae kwa mama bila kujisikia anahifadhiwa. Hiyo hailipwi kwa abaya.

La pili ni huyo mtoto wa darasa la saba. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni Septemba. Umebaki mwezi mmoja tu, na mtoto analala sebuleni, taa inawaka, wenzake ambao kesho hawana pa kwenda wanacheka na simu mpaka usiku wa manane, yeye saa kumi na moja anaamshwa. Unasema hawana neno. Watoto waliolelewa vizuri huwa hawana neno mbele ya mgeni. Nakuhakikishia mama yao analo, na pengine ndilo linalomuuma kuliko kufua, na hawezi kulisema, maana akilisema itaonekana anawafukuza watoto wa mdogo wake.

La tatu ni pesa ulizompa kaka. Kaka yako simjui, ila mtindo huu naujua sana hapa kwetu. Anayepika ni mwanamke, anayekabidhiwa pesa ni mwanaume anayekuja kula. Sasa jiulize: anayenunua samaki ni nani? Anayenunua umeme ukikata saa mbili usiku kwa sababu simu tano zinachajiwa ni nani? Mtungi wa gesi umebadilishwa na nani? Shilingi 600,000 kwa watu watano wiki nne haifiki shilingi 5,000 kwa kichwa kwa siku, chai, mchana, usiku, gesi, umeme na sabuni vyote humo, tena kama yote imefika jikoni. Kabla hujaamini kwamba dada anataka pesa tu, pita kwa anayewauzia samaki na kwenye duka la jirani, uliza taratibu kama kuna deni la nyumba yenu. Nisingeshangaa ukiambiwa lipo, na limeandikwa kwa jina la dada.

Halafu kuna kazi yako wewe. Hapa nimekaa nikatikisa kichwa. Katika watu wote wa nyumba hiyo, ni wewe peke yako unayejua kwamba kumwogesha mzee na kumpa dawa kwa wakati ni kazi yenye bei. Mwaka 2025 sheria ya huko iliweka kima cha chini kuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, na mfanyakazi wa siku tano kwa wiki hapungukiwi siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka. Ndiyo hiyo likizo uliyokuja nayo Pangani. Dada yako anafanya kazi ileile, kwa mama yenu nyote, usiku na mchana, wala hakuna wa kumpokea shifti. Ukisikia vizuri neno lake, "na mimi leo nilikuwa likizo," hakukutukana. Alikupa taarifa ambayo kazini kwako mtu anaijaza kwenye fomu na bosi anasaini.

Ulimuuliza, "Mama tutamwachia nani?" Swali zuri, lakini lilikuwa na jibu lake mfukoni. Kaka angeweza kukaa na mama siku moja. Mume wako angeweza. Wewe ungeweza, watoto wakaenda na baba yao na mama mkubwa. Hakuna aliyetajwa, kwa sababu tangu mwanzo ilieleweka kwamba dada ni sehemu ya nyumba, na nyumba haipandi boti. Umuulize siku mkipatana kama katika umri wake wote amewahi kukanyaga mchanga wa Maziwe.

Kuhusu mama, nenda kwa upole. Mzazi humwona sana anayeondoka, anayebaki anamzoea. Wewe anakupata wiki nne, anataka ziwe tamu, asisikie kelele. Dada anaye kila siku, kwa hiyo hasira ya dada ataivumilia baadaye. Usibishane naye, mwitikie "ndiyo mama", lakini usilifuate hilo la kumwacha, na hayo ya kijiba cha roho yasitoke kinywani mwako kwenda kwa dada wala kwa watoto. Yakishafika, hayarudi.

Sasa kitendo.

Usimpe bahasha. Si leo. Ukimpa pesa kabla hamjasema, utakuwa umethibitisha alichosema kaka, na dada atakurudishia au ataipokea kwa kinyongo, vyote vibaya. Anza kwa kuamka. Alfajiri ukimaliza swala usirudi kitandani, ingia jikoni. Na usiulize "nikusaidie nini", hiyo ni kazi nyingine unamwongezea, ya kukupangia. Wewe si mgeni wa jikoni hiyo, umekulia humo. Washa jiko, osha masufuria ya jana, chota maji ya mama. Asiposema, na wewe usiseme. Fanya hivyo hata asubuhi mbili. Waswahili walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini mama yako jembe hilo hatakupa kamwe, kwa hiyo lichukue mwenyewe.

Akishalegea, mwombe mtoke ninyi wawili. Si mbele ya mumeo, si mbele ya kaka, si barazani ambako kila anayepita anasalimia. Pandeni pantoni mvuke Bweni, mkae huko mnywe hata dafu. Usimwombe radhi za jumla jumla. Taja ulichokiona: "Dada, biashara yako imesimama kwa ajili yetu, na mwanao ana mtihani analala sebuleni. Pesa nimempa kaka, kazi nimekuachia wewe. Nataka tupange upya kabla sijaondoka." Kisha nyamaza. Jiandae, maana anaweza asianze na Maziwe. Anaweza kuanza na ndoa yake ilivyovunjika wewe uko ng'ambo, au usiku ambao sukari ya mama ilipanda akatafuta bodaboda peke yake. Mwache amalize. Usijitetee kwa pesa za kila mwezi. Zile ni za dawa za mama, haziingii kwenye hesabu yake yeye.

Mkishasemezana, mipango yenyewe ni myepesi. Vitumbua vianze tena wiki hii. Jiko ni lake mpaka saa mbili asubuhi, ninyi mtakunywa chai baada ya hapo, na vitumbua mtanunua kwake, pesa mkononi, foleni moja na wateja wengine. Watoto wako watafurahi kutumwa na sahani. Ongeza jiko la pili, hata la mkaa, na ulinunue libaki pale. Muulize kwa siku huwa anabakiza kiasi gani baada ya kutoa mchele na mafuta, zidisha kwa siku alizosimama, umlipe. Mwambie ni deni, alipokee kama mtu anayedai. Pesa za matumizi zilizobaki kwa kaka zihamie kwake waziwazi, na uongeze. Kaka akinuna, atapona.

Nguo za pwani tafuta mama wa mtaani wa kufua, mlipe. Zile zenye mchanga zisuuzwe kwanza na wenye nguo. Binti wa miaka 14 anayekuna nazi hawezi kushindwa na nguo zake za kuogelea. Na mumeo, ambaye naona ana aibu ya kusumbua watu, jambo zuri sana kwa mwanaume, apewe kikapu aende mnadani asubuhi. Akirudi na samaki waliochoka mtacheka, kesho yake atauliza bei kwanza.

Kisha dada aende likizo ya kweli. Siku nne au tano, nauli na pesa ya kutumia juu yako. Aende Tanga, aende Dar kwa shoga yake, au avuke Bweni alale mpaka saa nne, hilo si la kwako kupanga. Wewe pokea shifti. Mwambie akuandikie dawa za mama, saa zake, anachokula na asichokula, tarehe ya kliniki. Uamshe watoto wake wa shule. Hiyo kazi unaijua kuliko sisi wote, na mama atapata kukaa na wewe kwa namna ambayo barazani haipatikani: ukimkanda miguu usiku atakwambia mambo ambayo mchana hasemi.

Akirudi, Maziwe tena. Safari hii mama abaki na wewe au na mumeo, dada na watoto wake wapande boti siku ya Jumamosi. Mwulizeni nahodha maji, asiwadanganye mtu kwa saa: mchanga ule unatokeza maji yakipwa, yakijaa bahari inaufunika, na siku za bamvua ndipo unapotanuka vizuri. Waondoke mapema kabla kusi halijachachamaa. Na usiku wake mwombeni mama asimulie kuhusu Maziwe iliyokuwa na mivinje, kasa wakipanda kutaga chini yake. Miti ile iliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 bahari ilipokula kisiwa, watoto wenu hawataamini kwamba pale palikuwa na kivuli.

Hoteli ya Ushongo sasa. Kama ni ya kumkimbia dada, hapana. Pangani ni mji mdogo, habari huvuka mto kabla ya pantoni. Itasemwa kwamba kamfukuza mdogo wake kwa mama yao, nawe ukiwa Leicester hutayasikia, yeye atayabeba sokoni mwaka mzima. Lakini wazo la mumeo lina akili ndani yake. Mwakani kaeni siku chache Ushongo katikati ya safari, nyumba ipumue, na mwisho wa wiki muwachukue na binamu zao wakaogelee pamoja. Pia mfikirie kuja Desemba mwaka mmoja mmoja. Mtakuwa na wiki mbili tu na tiketi zitauma, ila shule za huku zimefungwa, kaskazi inavuma, bahari imetulia, na watoto wa dada watakuwa likizo sawasawa na wenu. Mtaona tofauti kwenye uso wa mama yao.

Ukirudi Uingereza, kila mwezi unapotuma za mama, tenga na za dada, hata kama ni kidogo, uzitume kwenye simu yake mwenyewe bila kumpitia kaka. Na mwakani mpigie yeye kabla ya kukata tiketi, umuulize mje lini na mlale wapi.

Haya yote yanahitaji siku, na siku unazo chache, kwa hiyo yaanze kesho alfajiri. Isipokuwa chumba. Mtoto wa darasa la saba arudishiwe kitanda chake leo hii kabla ya isha, wanao wahamie sebuleni, na simu zote zikusanywe saa tatu usiku.